Asilimia 54: Ulumbi na Hesabu katika Hotuba ya Mahafali

Siku moja mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili aliingia ofisini akiwa na karatasi ya jaribio la takwimu. Alikuwa ameshindwa jaribio hilo kwa mara ya pili, na wote wawili tulijua kwamba akishindwa tena katika mtihani wa mwisho wa muhula huenda akaondolewa masomoni, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita disko. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea kidogo na kumfariji kidogo, kama ilivyo desturi yetu walimu. Lakini baada ya kuniamkia, yeye ndiye aliyenifariji mimi. Alisema kwamba bingwa mashuhuri wa tenisi, Roger Federer, alipoteza karibu nusu ya pointi zote alizocheza maishani mwake, na bado akawa bingwa. Basi jaribio moja ni pointi tu. Akanionyesha hotuba yenyewe katika simu yake.

Mimi hufundisha takwimu, na hapo nilishikwa pabaya. Takwimu aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Hitimisho alilolitoa halikuwa sawa, hilo nililihisi mara moja, lakini sikuweza kumweleza papo hapo kosa liko wapi. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Naiandikia walimu wa sekondari na wanafunzi wao, hasa walimu wa Kiswahili na walimu wa hisabati, ambao katika shule nyingi huketi pembe mbili tofauti za chumba cha walimu na hukutana wakati wa chai tu. Hotuba hii inawahitaji wote wawili.

Hotuba ilitolewa tarehe 9 Juni, 2024, katika mahafali ya Dartmouth College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1769 katika mji wa Hanover, jimbo la New Hampshire, Marekani. Msemaji alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1981. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 ili acheze tenisi, na alipostaafu mwezi Septemba 2022 alikuwa amekwisha kutwaa mataji 20 ya mashindano makuu ya mchezaji mmoja mmoja. Chuo kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, naye akawapa wahitimu mafunzo matatu: kwamba wepesi usio na jasho ni hekaya tu, kwamba pointi iliyopotea ni pointi tu, na kwamba maisha ni mapana kuliko kiwanja cha tenisi. Katika miezi iliyofuata hotuba hiyo ilisambaa duniani kote kwa njia ya intaneti.

Kusambaa huko si jambo la kawaida. Hotuba nyingi za mahafali husahauliwa kabla majoho hayajarudishwa stoo. Mimi mwenyewe nilihitimu ughaibuni, nikaketi saa nyingi juu ya kiti cha chuma nikimsikiliza mgeni rasmi, na leo sikumbuki hata sentensi yake moja. Kwa nini basi hii ikumbukwe, tena na kijana aliye maelfu ya kilometa kutoka Hanover ambaye hajapata kushika raketi?

Msemaji kabla ya hoja

Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mlumbi ana njia tatu za kuwavuta watu wamwamini: sifa yake mwenyewe mbele ya wasikilizaji, hisia anazoziamsha ndani yao, na hoja anazozitoa. Sisi katika Kiswahili tuna neno balagha, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na walimu wa fasihi hulitumia hasa katika kueleza swali la balagha. Kwa asili neno hilo lina maana pana zaidi: ni elimu nzima ya kusema kwa namna inayofika. Nitalitumia kwa maana hiyo pana.

Federer alikuwa na tatizo la kiulumbi. Alisimama mbele ya watu waliosoma miaka minne au zaidi, naye hakusoma chuo hata siku moja. Mtu mwingine angelificha jambo hilo au angelipita haraka. Yeye alilitanguliza. Alisema kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili tu maishani mwake kukanyaga ardhi ya chuo, na kwamba amekuja kutoa hotuba lakini anarudi nyumbani akiitwa daktari, ushindi ambao hakuutarajia kuliko ushindi wowote mwingine. Watu wakacheka. Mtu akishajicheka mwenyewe, msikilizaji hana tena sababu ya kumcheka. Silaha imekwisha kuondolewa mkononi mwake.

Kisha alitaja mambo madogo madogo ya chuo kile, utani ambao wahitimu wa pale peke yao wangeuelewa kwa ukamilifu. Mgeni anayelijua jina la kichochoro chako si mgeni kabisa. Tena alisema kwamba hapendi kuambiwa amestaafu. Yeye, kama wao, amehitimu: amehitimu tenisi. Walimu wa fasihi wataitambua hapa tasfida, kwa kuwa neno zito limebadilishwa kwa neno la heshima. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Kwa neno hilo moja bingwa mwenye umri wa miaka 42 na vijana wenye umri wa miaka 22 wamewekwa katika foleni moja, wote wakiuliza kesho watafanya nini. Sifa ya msemaji, ile njia ya kwanza ya Aristotle, imejengwa kwa dakika chache, na haikujengwa kwa majivuno. Imejengwa kwa kushuka.

Kuna mbinu nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuitambua, nami nawasihi walimu waifundishe. Katika fungu la kwanza Federer alilalamika, kwa upole, kwamba watu walimsifu kuwa anacheza bila jasho, ilhali yeye alitoka jasho jingi hadi akaonekana hivyo. Alikiri kwamba katika ujana wake alikuwa akipiga kelele na kutupa raketi, mpaka mpinzani mmoja, katika mashindano ya Italia, alipotamka hadharani kwamba Federer atakuwa na nafasi zaidi kwa saa mbili za mwanzo, na baada ya hapo nafasi ni yake yeye mpinzani. Kisa hicho ni kizuri, nacho kina maumivu ya kweli ndani yake. Kutoka hapo msemaji akaingia katika suala la kipaji. Hakusema kwamba kipaji hakina maana, nani angemwamini? Alisema kwamba kipaji kina maana pana: nidhamu ni kipaji, subira ni kipaji, kujiamini ni kipaji, kuipenda kazi yenyewe ni kipaji.

Tuangalie kilichotendeka. Hakuna ushahidi mpya ulioletwa. Kilichobadilika ni mipaka ya neno. Neno likishapanuliwa hivyo, dai lolote kuhusu kipaji huwa kweli: aliyefaulu kwa wepesi alikuwa na kipaji, na aliyefaulu kwa taabu alikuwa na kipaji pia. Katika sayansi dai lisiloweza kukanushwa na jambo lolote linaloweza kutokea huhesabiwa kuwa dai dhaifu. Katika hotuba ya mahafali hilo si kosa, kwa sababu kazi ya hotuba ni kuwatia watu moyo wafanye kazi. Ila mwanafunzi ajue tofauti kati ya kutiwa moyo na kuthibitishiwa.

Sentensi yenye namba

Sasa tufikie mahali ambapo mwanafunzi wangu alinasa. Federer alisema kwamba alicheza mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja, na kwamba alishinda karibu asilimia 80. Kisha akawauliza wahitimu: je, mnadhani nilishinda asilimia ngapi ya pointi? Akajibu: asilimia 54 tu.

Mpango huu unastahili kusomwa polepole. Swali lile si swali la balagha kamili, maana lina jibu. Lakini halikuulizwa ili lijibiwe na wasikilizaji. Liliulizwa ili kila mmoja akisie moyoni. Mtu aliyetoka kusikia asilimia 80 hukisia 70, au labda 75. Akishakisia amejifunga mwenyewe, na jibu linapokuja chini sana ya kisio lake, mshangao unakuwa wake na si wa msemaji. Kama Federer angelisema moja kwa moja kwamba alishinda asilimia 54 ya pointi na hivyo asilimia 80 ya mechi, namba zingekuwa zile zile na hotuba ingekuwa imelala.

Namba zenyewe pia zimevalishwa. Rekodi ya Federer ni ushindi 1,251 na kushindwa 275. Tukigawanya 1,251 kwa 1,526 tunapata asilimia 82. Yeye alisema karibu asilimia 80, alijipunguzia. Hiyo ni adabu, na adabu hujenga imani. Upande wa pili, baada ya kutaja 54 aliendelea kueleza kwamba mtu anayepoteza pointi moja katika kila mbili, kwa wastani, hujifunza kutoishikilia moyoni kila moja. Hapo asilimia 46 imekuwa nusu. Mkadirio wa kwanza unamshusha msemaji, wa pili unamfariji msikilizaji, na hakuna hata mmoja ulio uongo. Mimi binafsi nauona mkadirio wa pili kuwa mkubwa mno, kwa sababu nitakayoionyesha: katika jambo hili, tofauti kati ya 46 na 50 ndiyo tofauti kati ya Federer na mtu ambaye hakuna aliyepata kusikia jina lake.

Faida ndogo hukuaje?

Kwanza tukumbushane kanuni. Katika tenisi mchezaji hushinda gemu akipata pointi 4, mradi amemzidi mwenzake kwa pointi 2. Hushinda seti akipata gemu 6 kwa tofauti ya 2. Wakifungana gemu 6 kwa 6, kwa kawaida huchezwa gemu maalum ya kukata shauri. Mechi nyingi ni za seti 2 katika 3. Katika mashindano makuu wanaume hucheza seti 3 katika 5.

Tuchukue kwamba mchezaji ana uwezekano p = 0.54 wa kushinda pointi yoyote, na q = 0.46 wa kuipoteza, na kwamba pointi hazitegemeani. Hili si kweli kamili, kwa sababu anayeanzisha mpira ana nafasi kubwa kuliko anayeupokea. Lakini linatosha kutuonyesha njia. Anaweza kushinda gemu kwa 4 bila jibu: p⁴, yaani 0.085. Au kwa 4 kwa 1: mpinzani alipata pointi moja katika mojawapo ya nafasi 4 za mwanzo, kwa hiyo 4p⁴q, yaani 0.156. Au kwa 4 kwa 2: 10p⁴q², yaani 0.180. Au wafungane 3 kwa 3, ambalo lina uwezekano wa 20p³q³, yaani 0.307, na kutoka hapo uwezekano wa kuwa wa kwanza kumzidi mwenzake kwa mbili ni p² ukigawanya kwa jumla ya p² na q², yaani 0.579. Zidisha mbili hizo za mwisho upate 0.178. Jumla yote ni 0.599.

Kwa hiyo asilimia 54 ya pointi imekuwa takriban asilimia 60 ya gemu. Hesabu ya seti hufuata njia ile ile ingawa ni ndefu zaidi. Nimeifanya, na jibu ni asilimia 76. Kwa mechi ya seti 2 katika 3 jibu ni asilimia 86, na kwa ile ya seti 3 katika 5 ni 91. Mchezaji anayeshinda pointi 51 tu katika 100 hushinda mechi fupi kama 61 katika 100. Kutoka 50 kufika 51 ni hatua ndogo mno kwa macho, nayo humpa mtu ushindi 11 zaidi katika kila mechi 100.

Msomaji makini atauliza: mbona hesabu inatoa 86 na zaidi, na Federer alishinda 82? Jibu limo katika neno wastani. Asilimia 54 ni wastani wa siku nyingi: kuna siku alipokutana na mchezaji dhaifu akashinda pointi 60 katika 100, na kuna siku alipokutana na Rafael Nadal wakagawana nusu kwa nusu. Siku za 60 haziwezi kumpa zaidi ya ushindi mmoja, ambao angeupata hata kwa 56. Siku za 50 zinamnyima kweli kweli. Wastani wa pointi hauoni tofauti hiyo, lakini jedwali la matokeo linaiona.

Lipo kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipoanza kulitafakari jambo hili. Nilidhani kwamba ni kanuni za ajabu za tenisi, gemu ndani ya seti na seti ndani ya mechi, ndizo zinazokuza faida ndogo. Nikajaribu kuziondoa: nikachukua mchezo wa pointi 150, idadi isiyo mbali na ile ya mechi ya kawaida, zikajumlishwa tu mwishoni, aliye na nyingi ameshinda. Mwenye asilimia 54 huongoza zaidi ya mara 8 katika 10. Si mbali na yale ya awali. Kinachokuza faida, basi, ni wingi wa marudio. Katika pointi moja, 54 ni sawa na sarafu iliyopinda kidogo, wala hakuna mtu anayeweza kuigundua kwa kuitazama. Katika pointi 150 imekuwa sababu ya ushindi. Katika mechi 1,526 imekuwa jina linalojulikana dunia nzima.

Pointi zisizolingana

Kanuni za gemu na seti hazikuzi faida sana, lakini zinafanya jambo lingine. Zinasahau. Aliyeshindwa gemu bila kupata pointi na aliyeshindwa baada ya kuvutana dakika kumi wamepoteza gemu moja moja, na gemu inayofuata inaanza sifuri kwa sifuri. Ndiyo maana ushauri wa Federer wa kuiacha pointi iliyopita si falsafa tu. Ni namna sahihi ya kucheza mchezo ambao kweli huyafuta yaliyopita.

Usahaulifu huo una gharama yake. Katika hotuba Federer alikumbuka fainali ya Wimbledon ya mwaka 2008 aliposhindwa na Nadal. Siku hiyo Nadal alipata pointi 209 na Federer 204: mechi ya seti tano ikaamuliwa na tofauti ya pointi 5. Fainali ya uwanja huo huo ya mwaka 2019 ni ya ajabu zaidi. Federer alishinda pointi 218, Novak Djokovic 204, na kombe likachukuliwa na Djokovic. Mtu alizidi kwa pointi 14 akashindwa, kwa kuwa zile alizopoteza zilipotea mahali ambapo seti zilikatwa shauri. Siku ile haikuwa kweli hata kidogo kwamba ni pointi tu. Federer alikuwa na pointi mbili za kumaliza mechi, mkononi mwake, yeye akianzisha mpira, na zote mbili zikampita.

Nayasema haya bila nia ya kumpinga msemaji. Alitaja maumivu ya 2008 mwenyewe, na ushauri wake kamili haukuwa kwamba pointi haina thamani. Alisema kwamba wakati unaicheza ndiyo jambo kubwa kuliko yote duniani, na ikiisha imeisha. Nusu ya kwanza ya ushauri huo mwanafunzi wangu hakuinukuu. Ndivyo hotuba zinavyosafiri: kilicho kitamu hufika, kilicho kichungu hubaki njiani.

Mtihani ni mchezo wa aina gani?

Sasa naweza kumjibu kijana yule. Kuna michezo inayofuta na kuna michezo inayolimbikiza. Tenisi hufuta kila baada ya gemu. Mtihani hulimbikiza: alama za swali la kwanza na za swali la mwisho huwekwa katika kapu moja, na alama za majaribio ya muhula huingia humo humo. Pointi iliyopotea wiki ya tatu bado imepotea wiki ya kumi na tano. Deni hulimbikiza. Vipindi vilivyokosekana hulimbikiza pia, hasa katika hisabati, ambako anayekosa sehemu ataikosa aljebra. Mbele ya mchezo wa namna hii, kusahau upesi si busara.

Ndani ya chumba cha mtihani, hata hivyo, ushauri wa Federer ni dawa. Mtahiniwa aliyekwama katika swali la pili na kulichukulia nusu saa amezigeuza alama kumi kuwa alama arobaini. Huyo aambiwe kwa sauti kubwa kwamba ni pointi tu, aende kwenye swali la tatu. Swali ni pointi. Mtihani ni mechi. Na kwa wengi wetu mtihani wa Kidato cha Nne uko karibu na mashindano yenyewe kuliko mechi moja.

Lipo na jambo zito zaidi. Faida ya asilimia 4 ilikua kwa sababu palikuwa na marudio. Federer alipewa mechi 1,526: alikuwa na kiwanja, mwalimu, wazazi waliomuunga mkono, na afya ya kuyapokea marudio hayo. Msichana anayefeli mtihani mmoja na kuozeshwa mwaka huo huo hapewi pointi ya pili. Kijana ambaye ada ya kurudia mtihani ni sawa na mavuno ya familia nzima hana seti ya tano. Kuwaambia hawa kwamba ni pointi tu ni kuwapa faraja ya mtu mwenye kiwanja. Federer, nadhani, analijua hilo. Katika fungu la tatu la hotuba alizungumzia taasisi yake ya elimu, aliyoianzisha mwaka 2003, inayosaidia shule za watoto wadogo kusini mwa Afrika, na alisimulia jinsi alivyolazimika kueleza maana ya tenisi alipofika vijijini Zambia. Fungu hilo ndilo linalonukuliwa kwa uchache kuliko yote. Halina namba ya kushangaza.

Tukumbuke pia kwamba mahafali humwalika mshindi. Wako watu walioacha shule wakiwa na miaka 16 ili wacheze tenisi, wakaitupa raketi, wakajifunza kuitunza, wakaisahau kila pointi kwa wakati wake, na hawakuitwa popote kutoa hotuba. Ushauri wao ungekuwa ule ule, neno kwa neno, nasi tusingeusikia.

Zoezi la darasani

Mwalimu wa hisabati akate vipande 100 vya karatasi vilivyo sawa, atie alama ya wino katika 54, avitie vyote katika mfuko usioonyesha ndani. Darasa ligawanywe katika makundi 10. Kuchota kipande kimoja ni kucheza pointi moja: chenye alama ni ya upande wa A, kisicho na alama ni ya upande wa B. Kipande kirudishwe na mfuko utikiswe kabla ya kuchota tena, ama sivyo pointi zitategemeana na hesabu itaharibika. Kila kundi licheze gemu 10. Gemu moja huchukua wastani wa michoto 7 hivi. Makundi kumi yatatoa gemu 100, na A atapata karibu 60. Darasa lisishangae likipata 55 au 66. Mwalimu aitumie tofauti hiyo kufundisha mtawanyiko.

Kisha aulize kila kundi mchoto wake wa kwanza kabisa ulikuwa wa nani, ayaandike majibu kumi ubaoni, na aulize kama kuna mtu anayeweza, kwa majibu hayo kumi peke yake, kusema ni upande gani wenye vipande vingi.

Hapo mwalimu wa Kiswahili aingie. Matokeo yote yakiwa ubaoni, nusu ya darasa iandike hotuba ya dakika mbili ya kumtia moyo B, na nusu nyingine iandike hotuba ya kumwonya A asibweteke. Namba zisibadilishwe hata moja, ila kila mwandishi ana ruhusa ya kuchagua ataje ipi, aanze na ipi, na aikadirie kuelekea upande gani. Hotuba zisomwe mbele ya darasa, na wasikilizaji waandike mahali ambapo walianza kuamini na sababu yake. Katika darasa la wanafunzi 40 zoezi hili linahitaji vipindi viwili, na vipande 100 vihesabiwe tena kabla ya mfuko kupelekwa mkondo mwingine, maana kikipotea kimoja chenye alama, 54 si 54 tena.